Majina ya Mapacha Niliyoyashona Kator

Mkisikia mwanamke ana mimba ya mapacha, msikimbilie sindano. Kunyweni chai kwanza. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalowaambia ninyi vijana mnaokuja nyumbani kuniuliza namna ya kutarizi majina kwenye vishuka vya watoto wachanga. Mapacha hupenda kubadilisha mipango ya watu, na uzi ukishaingia kwenye kitambaa chepesi, kuufumua huacha matundu ambayo pasi haiwezi kuyaficha.

Kazi hii niliifanya Kator, mtaa wa hapa Juba, katika kibanda kilicho kando ya barabara wanayopita watu wa kanisa kuu, mpaka macho yangu yalipokataa kuliona tundu la sindano. Nilianza na milaya, zile shuka kubwa za maua ambazo kila nyumba ya Juba inayojiheshimu huzitandika mgeni anapokuja. Akina mama waliokuwa wakipeleka watoto kubatizwa walisimama kuyatazama maua yangu, wakauliza kama naweza kuweka na jina. Nikasema naweza. Wakati ule sikujua kwamba kushona jina ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Sehemu ngumu ni kulipata.

Kutarizi sikufundishwa shuleni. Tulipokuwa ukimbizini Uganda nilifundishwa na jirani yetu, Mama Yunia, mwanamke mkali aliyeamini maji kuliko macho. Ukimletea kazi uliyoimaliza hakuitazama. Aliitumbukiza kwenye beseni, akaiacha humo mpaka kesho yake. Rangi ikitoka, wewe ndiye uliyefua shuka zote za nyumba yake. Nilifua sana. Nilimwona mwonevu mpaka niliporudi Juba na kuwa fundi wa kujitegemea, nikanunua uzi mwekundu wa bei rahisi kwa haraka, nikashonea kishuka cha mtoto mmoja wa jirani. Mtoto akafanya kile watoto wanachofanya usiku. Asubuhi mama yake akamkuta ana kifua chekundu kama nyanya, akapiga kelele, akambeba mbio mpaka zahanati. Daktari akamfuta kwa pamba, akaitazama ile pamba, akamuuliza mama: "Nani fundi wako?"

Kwa hiyo lowekeni uzi kabla ya kushona. Mwekundu na wa buluu hasa. Msiniulize tena kwa nini.

Sasa turudi kwenye majina. Msidhani kila mtu huchagua jina la mtoto kama anavyochagua kitenge. Kwa watu wengi wanaoishi mji huu, mapacha huja na majina yao tayari, na kazi ya wazazi ni kuyatambua tu. Waacholi wakipata mapacha wavulana, anayetangulia ni Opiyo na anayemfuata ni Ocen. Wakiwa wasichana ni Apiyo na Acen. Mtoto anayezaliwa baada ya mapacha naye ana jina lake: mvulana ni Okello, msichana ni Akello. Na anayekuja baada ya huyo ni Odongo au Adongo. Yaani mwanamke akizaa mapacha mara moja tu, majina ya watoto wake wanaofuata yanakuwa yamekwisha kupangwa kwenye foleni.

Mimi, ambaye napenda mambo yaliyopangika, nilifurahia sana mpango huu. Tena niligundua faida yake kwenye kitambaa. Mkiangalia majina hayo, kinachobadilika kati ya mvulana na msichana ni herufi ya kwanza. Basi mteja Mwacholi akiagiza mapema, nilishona mwili wa jina nikaacha kichwa. Kishuka kimoja kilisubiri na "piyo", kingine na "cen". Habari zikija kutoka wodini, naweka O au A, nafunga uzi, kazi imekwisha kabla chai haijapoa. Wenzangu sokoni waliniuliza nafanya uchawi gani. Nikawaambia uchawi ni kungoja.

Waganda wanaofanya kazi kwenye hoteli za mtaa wa Amarat walinifundisha kwa njia nyingine. Kwao mvulana wa kwanza ni Wasswa, wa pili ni Kato. Msichana wa kwanza ni Babirye, wa pili ni Nakato. Niliyakariri hayo nikitembea barabarani. Akaja mpishi mmoja ambaye mke wake alikuwa amejifungua mvulana na msichana. Mimi, kwa kujiamini, sikuuliza nani alitangulia. Nikashona Wasswa upande huu na Babirye upande ule, kwa uzi wa kijani, kazi nzuri kabisa. Mpishi akaitazama muda mrefu.

"Mama Kiden," akasema, "hapa iko shida."

"Shida gani?"

"Wewe umenipa wa kwanza wawili. Sasa wa pili iko wapi? Nirudi hospitali nimtafute?"

Nilifumua Babirye nikaweka Nakato. Mpishi alikuwa mtu wa heshima, hakulalamika. Lakini kwa muda mrefu, kila aliponipita alichungulia kibandani akauliza kama wa pili ameonekana.

Tangu hapo swali langu la kwanza kwa kila mteja lilikuwa: nani alitoka mbele? Nalo ni swali la kuuliza kwa adabu. Wadinka wana Ngor kwa mvulana anayetangulia na Chan kwa anayefuata. Kuna bibi mmoja alinigombeza nusu saa kwa sababu wajukuu wake walitolewa kwa upasuaji. Daktari aliingiza mkono akamtoa aliyekuwa juu kwanza. Bibi akasema yule wa chini ndiye aliyekuwa mlangoni, ndiye Ngor, na daktari amemrukisha foleni mdogo wake. Baba wa watoto akasema aliyeona jua kwanza ndiye Ngor. Wakanigeukia mimi. Vijana, mtakapogeukiwa hivyo, tafuteni sindano iliyoanguka chini. Itafuteni taratibu. Mara nyingi mkiinuka mtakuta wameshakubaliana, au wameondoka.

Wakenya wa kwenye mabenki wengi wao hawakuwa na majina ya mapacha, lakini wana mababu. Mvulana wa kwanza wa Mkikuyu huchukua jina la babu mzaa baba, wa pili jina la babu mzaa mama. Ni utaratibu safi, ila alikuja kijana mmoja nadhifu, tai shingoni, mwenye mapacha wavulana, na mababu wote wawili wanaitwa Kamau. Akaniomba nishone Kamau mara mbili kwa rangi tofauti. Nilimuuliza: akiita Kamau aje ale, nani atakuja? Akasema wote, kwani wote watakuwa na njaa. Ilibidi wapige simu nyumbani, na mwishoni yule wa pili akapewa jina la utani la babu yake, ambalo nasikia babu mwenyewe hakuwahi kulipenda.

Kwetu sisi Wakuku pia mapacha wana taratibu zao. Sitazitaja hapa. Shangazi zangu hawajakubaliana mpaka leo, na wote wanajua nyumba yangu ilipo.

Siku hizi mna mashine za kompyuta. Unaandika jina kwenye kioo, mashine inatarizi peke yake nawe unatafuna karanga. Sizichukii. Mshono wake umenyooka kuliko wangu. Lakini mashine haiulizi nani alitoka mbele. Hilo mtaliuliza ninyi, na ndiyo sababu nawasimulia habari ya Aber.

Aber alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Mwacholi wa Magwi aliyekulia Uganda kama wengi wetu. Kipimo cha picha kilikuwa kimesema watoto wawili. Akaagiza vishuka viwili vyeupe, nikaanza "piyo" na "cen" kama kawaida yangu, vichwa nikaviacha. Siku moja mchana mume wake akaja. Jina lake Okello, kijana mrefu aliyefanya kazi ya kupakua mizigo uwanja wa ndege, mtu wa maneno machache. Akakaa kwenye benchi langu, akatazama barabara.

"Wamezaliwa?" nikamuuliza.

"Wamezaliwa."

"Wavulana au wasichana?"

"Wasichana."

"Wote wawili?"

"Wote watatu."

Nikampa maji. Akayanywa, akaomba mengine. Halafu akaniagiza kishuka cha tatu, akasema jina la kukiandika litaletwa na mama yake.

Mama yake, ambaye wote tulimwita Habuba kama tunavyowaita bibi wa Juba, alikuja kesho yake akiwa amebeba mwavuli. Mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya kuita mbuzi ng'ambo ya mto. Akasema watoto watabatizwa Jumapili. Wa kwanza Maria Apiyo, wa pili Martha Acen.

"Na wa tatu?" nikauliza.

"Wa tatu andika Veronika."

"Veronika Akello?"

"Veronika peke yake. Akello bado."

"Bado vipi, Habuba? Si ndiye aliyewafuata mapacha?"

Akapiga mwavuli chini. "Akello ni wa tumbo linalofuata! Hawa wametoka tumbo moja, hawa ni mapacha, hata wangekuwa kumi. Ukimpa huyu Akello, yule atakayekuja ataitwa nani? Tutamtupa? Weka Veronika, acha nafasi."

Sikupata hata muda wa kunyoosha kitambaa, simu ikalia. Alikuwa Aber, kutoka kitandani kwake.

"Mama Kiden, mkwe wangu amekuja hapo?"

"Ameondoka sasa hivi."

"Amesema Akello ni wa nani?"

"Wa tumbo linalofuata."

Nyuma yake nikasikia watoto wakilia kwa sauti tatu tofauti.

"Tumbo la nani?" akauliza.

Nilicheka, naye akacheka, kisha akaacha kucheka. Akaniambia kwamba siku ya kujifungua alitoka damu mpaka akawa anawaona wakunga kama watu wanaosimama mbali, upande wa pili wa Nile. Alisema hatarudi kwenye kitanda kile cha kujifungulia. Lakini jina likiachwa wazi, alisema, kila shangazi atakayeingia nyumbani atauliza Akello anakuja lini. Kila mwaka watauliza. Jina litakaa mlangoni kwake kama mgeni aliyetangaza safari. "Na huyu wangu wa tatu," akaongeza, "unajua wanamwitaje? Yule mwingine. Lete yule mwingine, funika yule mwingine. Mama Kiden, mshonee mwanangu jina lake. Herufi kubwa."

Basi nikawa na kitambaa kimoja na maagizo mawili. Utaratibu wangu siku zote ulikuwa kwamba fundi hachagui jina. Fundi akianza kuchagua, kesho ataitwa kwenye kikao cha ukoo, na huko hakuna sindano ya kutafuta. Lakini kuandika Veronika peke yake nako kungekuwa kuchagua, sawa na kuandika Akello. Nikawatumia ujumbe wote waje pamoja, na watoto waje, kwa sababu nataka kupima ukubwa wa vishuka. Kupima hakukuwa na haja. Mtoto mchanga ni mtoto mchanga.

Wakaja Ijumaa. Aber akitembea polepole, Habuba amebeba wawili, Okello amebeba mmoja kama anavyobeba katoni iliyoandikwa vioo. Nikawapa viti.

Habuba hakungoja. "Mimi nimeshasema."

"Nami nimeshasema," akasema Aber.

"Wewe Okello, unasemaje?" nikamuuliza baba wa watoto.

"Mimi nilijiandaa kwa wawili," akasema Okello, akarudi kutazama barabara.

Nikachukua chaki, nikatandaza kitambaa cha tatu, nikaanza maswali yangu kama ninavyowauliza wote. Nataka myakumbuke, kwa sababu hayana ujanja wowote: nani alitangulia, nani alifuata, na baada yao nani. Safari hii nilianza na mkubwa wa nyumba.

"Habuba, wewe mwenyewe ulizaa mapacha?"

Akajinyoosha. "Opiyo na Ocen. Wako Magwi, wana ng'ombe."

"Na baada yao?"

"Si huyu hapa, Okello."

"Na baada ya Okello?"

Akarekebisha kitambaa cha kichwani. "Baada ya Okello nini?"

"Odongo. Odongo wako yuko wapi, niandike vizuri?"

Naapa nilikuwa nauliza kama fundi tu. Ni foleni, niliuliza nani amesimama nyuma ya nani. Lakini Aber aliinua uso kama mwalimu aliyesikia mwanafunzi wa nyuma akijibu sawasawa.

"Eeh, Mama," akasema polepole. "Odongo yuko wapi?"

"Mimi ndiye wa mwisho," Okello akatueleza.

"Wewe nyamaza, hukuulizwa!" Habuba akamkemea. Halafu akatazama wale watoto wawili mapajani pake, mmoja akinyonya hewa usingizini. "Odongo hakuja."

"Alikataa?" Aber akauliza.

"Nilikataa mimi." Aliisema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. "Tulikuwa tunakimbia kwenda Uganda. Opiyo mgongoni, Ocen mbele, huyu mrefu naye tumboni, akanitoka njiani, kwenye nyasi. Watoto watatu na mikono miwili. Tulipofika nikasema, kalas, imetosha. Sasa mama mkwe wangu, Mungu amlaze pema, kila mavuno anauliza: Odongo yuko wapi? Odongo yuko wapi?"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia Odongo anakuja kwa miguu, amepitia njia ya mbali." Mdomo wake ukaanza kucheza. "Mwaka mwingine nikasema amesimama njiani kununua viatu. Yule mama alikufa anangoja viatu vya Odongo!"

Tulicheka mpaka watoto wote watatu wakaamka. Okello ndiye aliyecheka mwisho, tena peke yake, baada ya sisi kunyamaza, kama mtu aliyepokea mzigo wake umechelewa. Aber alikuwa akifuta machozi kwa upindo wa kitenge, na sikumwuliza ni machozi ya aina gani.

Habuba akaninyooshea kidole. "Andika Akello."

Nikaweka chaki kwenye kitambaa.

"Lakini pale chini," akasema, "acha nafasi."

"Nafasi ya nini, Mama?" Aber akauliza.

"Nafasi tu. Kitambaa kikijaa sana kinatia mtoto joto."

Waliposimama kuondoka, Aber alibaki nyuma akijifanya anatafuta kiatu. "Mama Kiden," akaninong'oneza, "ile nafasi ya chini, weka maua."

"Mangapi?"

"Mpaka yafike ukingoni."

Nilishona Veronika Akello kwa herufi kubwa kuliko zote nilizowahi kushona, kwa uzi wa buluu niliouloweka mara mbili. Chini yake nikapanda maua. Nilianza katikati nikaelekea pembeni, mshono wa mnyororo kwa vikonyo na mshono wa kujaza kwa petali, mpaka sindano yangu ikawa inatafuta mahali pa kuingia.

Jumapili niliwakuta nje ya kanisa, watoto wamevikwa nguo nyeupe kama unga. Habuba alikuwa amekiondoa kishuka cha tatu kwa mtoto, amekitandaza juu ya mwavuli wake uliofunguliwa, anakikagua. Akapitisha kidole chini ya jina, ua kwa ua, mpaka kona ya kushoto, kisha mpaka kona ya kulia. Akaniangalia. Nikatazama mnara wa kanisa.

Akakigeuza kile kitambaa, akachunguza upande wa ndani.

"Huku nyuma," akasema, "iko nafasi."

Aber akamchukulia kitambaa mikononi, taratibu, kwa adabu zote za mkamwana, akamfunika nacho Akello.